Salvia za Bustani Kavu: Ipi Ununue, na kwa Nini Uende na Wembe

Mwezi wa sita mwaka jana nilinunua miche 12 ya salvia, maua ya bustani, kando ya barabara hapa Dodoma, shilingi 4,000 mmoja. Kijana aliyeniuzia akaapa: "Dada, hii haitaki maji, ni ya jangwani kabisa." Mikubwa ilikuwa 9 tu, imechanua vizuri, ya zambarau. Kutimiza idadi akanichomekea mingine mitatu midogo, haina hata ua, nikanuna mpaka akanipunguzia 2,000.

Nikapanda jioni ileile, nikamwagilia siku chache, kisha nikaiacha ijitegemee kama nilivyoambiwa. Kufika Nanenane mikubwa yote 9 ilikuwa kuni. Ile midogo mitatu iko hai mpaka leo.

Nilipong'oa mmoja wa mikubwa haukunipa kazi yoyote, ulichomoka kama kizibo. Chini mizizi ilikuwa imejizungusha mara tatu, mara nne, imekazana, na umbo lake ni la kiriba kilekile, yaani kimfuko cha plastiki cha mche, nilichokichana miezi miwili nyuma. Ungeweza kuiweka kichwani ikawa ngata ya kubebea ndoo. Udongo wa shimo ulikuwa pale pembeni, upana wa kidole, tena una unyevu kidogo. Hakuna mzizi hata mmoja uliokuwa umevuka kuufuata.

Basi rangi na urefu mtaangalia wenyewe, picha zimejaa simuni. Mimi siku hizi sifungui pochi kabla sijajua mizizi ikoje.

Salvia ni ukoo mmoja na mrehani na kivumbasi. Shika shina, utasikia pembe nne. Fikicha jani, litanuka mafuta yake. Mafuta hayo na vile vimanyoya vya majani ndivyo vinavyoisaidia kukaa juani bila kupoteza maji ovyo. Lakini hiyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine iko chini, kwenye mizizi iliyoshuka mbali na kutawanyika. Mche ambao mizizi yake imezoea kuzunguka ndani ya kiriba utaendelea kuzunguka hata ukiuzika shambani. Anayesema salvia haitaki maji anaisema ile iliyokwisha kushika ardhi, si hii iliyotoka juzi chini ya kivuli cha neti, ikimwagiliwa asubuhi na jioni.

Kwa hiyo ukifika kwenye kitalu, nyanyua kiriba utazame matundu ya chini. Mizizi minene inayoning'inia nje maana yake mche umekaa hapo siku nyingi. Binya ubavu: ukiwa mgumu kama tofali, urudishe. Kisha mwombe achane kimoja, mwambie utakilipia hata usipokichukua. Akikataa umepata jibu lako. Na chukua mfupi, usiochanua. Najua mkono unakimbilia wenye maua, wangu nao ulikimbilia huko, lakini mara nyingi wenye maua ndio uliochelewa kununuliwa.

Kama umeshanunua, usiutupe. Toa kiriba, loweka bonge zima kwenye ndoo mpaka mapovu yaishe, halafu chukua wembe upitishe mistari mitatu ya kwenda chini ubavuni, nusu sentimita hivi, na ukate lile duara la chini ulitupe. Roho itakuuma. Kata tu. Chimba shimo pana kuliko lilivyo refu, na kwa wiki 6 hadi 8 mwagilia maji mengi kila baada ya siku nne au tano, badala ya kikombe kila jioni, ili mizizi iyafuate chini. Samadi weka kidogo sana, ukiijaza itakupa majani marefu yanayolala.

Na panda na mvua. Dodoma tunapata chini ya milimita 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mimi nilipanda Juni, upepo unavuma, kiangazi ndiyo kwanza kinaanza. Hapo kosa ni langu, simsingizii mtu.

Sasa ipi ununue? Nafasi ya kwanza kwangu ni aina ya salvia iitwayo farinacea, na katika mbegu za farinacea mimi ni mtu wa 'Victoria', sifichi. Asili yake ni Texas, New Mexico na Mexico, kwa hiyo jua la mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma, saa nane mchana haliwezi kuiogopesha. Jina linatokana na unga, na ukiitazama karibu utaona sababu: vikonyo vya maua vina vumbi jeupe kama vimeshikwa na mtu aliyekuwa anakanda chapati. Bluu yake haipauki haraka, na ukikata vichwa vilivyochoka inatoa vingine. Ninachoipendea zaidi ni kwamba unaweza kuinunua kwa mbegu. Unaipanda mwenyewe, unaihamisha ikiwa na majani sita, na habari ya kiriba kilichokaa mwaka mzima inaishia hapo. Mbegu usizifukie sana, zipake tu udongo mwembamba juu.

Ya pili ni leucantha, ile iliyonifia 9. Ndiyo, bado naipa nafasi ya pili, kwa sababu kosa halikuwa lake. Inatoka Mexico, ina majani membamba ya kijivu kwa chini, na ile zambarau ya mahameli mnayoiita ua ni kikombe tu. Ua lenyewe ni kale keupe kanakochungulia, ndiyo maana ikaitwa leucantha, kwa Kigiriki "ua jeupe". Inapita mita moja na inatanuka kuliko unavyodhani, usiipande mlangoni. Ila sioni sababu ya kuilipia 4,000. Mwombe jirani kitawi kisichochanua, ondoa majani ya chini, kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, kitashika.

Ya tatu ni greggii, yenye vijani vidogo na maua mekundu au ya waridi, imepewa jina la Josiah Gregg, Mmarekani aliyekuwa mfanyabiashara na msafiri. Kwa ugumu huenda inazishinda zote mbili. Tatizo nimeikuta hapa mjini mara mbili tu, na mara zote mbili niliambiwa 15,000. Tena haitaki kabisa maji yaliyosimama. Kama una udongo mweusi wa mbuga, inua tuta uchanganye na mchanga wa mto, la sivyo mvua ya Januari itaiozesha.

Rozmeri nayo imo. Tangu 2017 wataalamu wa mimea wameihamishia kwenye jenasi, yaani kundi, la Salvia. Mwanzoni mwa mwaka huu muuzaji mmoja aliniambia salvia zimekwisha, na nyuma yake kulikuwa na mstari mzima wa rozmeri. Maua yake ni ya kuhesabu, lakini ukiishiwa limao la kuchomea kuku utanishukuru.

Za bei chee: coccinea, nyekundu inayojiotea yenyewe na ambayo ndege aina ya chozi wanaipenda, omba mbegu kwa mtu. Chia nayo ni salvia, zilezile mnazoweka kwenye juisi, inatoa maua ya bluu, inazaa, inakufa. Basi.

Msichonunua ni splendens, ile nyekundu kali ya kwenye vipilefti. Ni ya Brazil, inataka maji na kivuli cha mchana. Nzuri, lakini si ya kwetu sisi tunaonunua maji ya boza. Nayo ndiyo iliyojaa barabarani, na inauzwa kwa jina moja tu, "salvia", kwa sababu vibao vya majina hakuna. Unauliza ni salvia gani, unaambiwa "ya nje". Unauliza bei, anachungulia kwanza kama umeshuka kwenye gari au bodaboda. Ukisema ghali, unaambiwa imetoka Arusha, kana kwamba kila mche ulikatiwa tiketi yake ya basi.

Nilirudi kwa yule kijana na mzizi wangu nimeufunga kwenye gazeti. Akautazama, akaucheka. "Dada, hiyo ni shida ya maji ya huku, yana chumvi." Akanionyesha mzigo mpya, imechanua, 3,500 kwa sababu mimi ni mteja wake. Nikatoa 3,500, nikatoa wembe, nikachana kiriba palepale juu ya benchi lake.

Ngata ileile.