Bafu, kabati na chuma cha kufungia: miezi minane ya kwenda kazini kwa baiskeli

Naishi Manzese, ofisi yetu iko Posta, kilomita kama nane kwa Barabara ya Morogoro. Huu ni mwaka wa nne nakwenda kazini kwa baiskeli, na ni miezi minane tu tangu ofisi ihamie jengo lenye sehemu ya waendesha baiskeli. Tofauti yake ni kubwa mno kwangu, ndiyo maana naandika.

Jengo la zamani halikuwa na nafasi yetu. Mlinzi alikuwa ameagizwa kuturudisha getini, eti pale ni pa magari. Nikawa naifunga kwenye nguzo nyuma ya jenereta. Jioni moja nikatoka nikakuta siti imeng'olewa, nikaisukuma baiskeli hadi Kariakoo kutafuta nyingine. Kujisafisha ilikuwa chooni, kwa chupa ya maji na kitambaa. Anayeijua Dar ya Februari anajua saa moja asubuhi jasho linavyotiririka hata kwa aliyekaa kivulini.

Hapa tulipo sasa wametoa nafasi ya gari moja, wakasimika vyuma vitano vya umbo la U iliyogeuzwa, vimezamishwa kwenye zege. Kila chuma kinabeba baiskeli mbili, moja kila upande, kwa hiyo nafasi ya gari moja imetosha watu kumi. Kati ya chuma na chuma ni karibu mita moja, hata mwenye kikapu mbele na keria nyuma anapita bila kugongana na mwenzake. Uzuri wake ni kwamba baiskeli inaegemea kwa fremu, na kufuli langu linashika fremu na gurudumu la nyuma kwa pamoja. Vile vya kubana gurudumu la mbele peke yake sivipendi kabisa. Mtu akiisukuma kidogo ringi inapinda, na mwizi akifungua nati anaondoka na baiskeli, anakuachia gurudumu. Juu kuna bati, pembeni anakaa mlinzi wetu. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, leo Magomeni kulikuwaje?" Pampu ya mguu anayo yeye, na ananiazima kila Jumatatu.

Sasa bafu. Kwa hili naomba mwenye jengo yeyote anisikilize vizuri, kwa sababu bomba la mvua peke yake halijawa bafu la mtu anayekwenda ofisini. Yanayonisaidia ni mambo madogo: kulabu tatu zilizo mbali na maji, benchi la kukalia ninapovaa viatu, na sakafu yenye mteremko, maji yanakwenda yote kwenye tundu wala hayatuami. Kabla hawajaweka kulabu nilikuwa natundika gauni juu ya mlango, na kila siku lilikuwa linalowa pindo. Nikawaeleza, fundi akaja wiki hiyohiyo. Maji ya bomba yakikatika kuna simtanki juu ya paa, na mpaka leo sijakosa maji hata asubuhi moja. Jambo nililojifunza mwenyewe: usiingie bafuni ukifika tu. Kaa dakika kumi mwili upoe, la sivyo unatoka bafuni, unavaa, jasho linaanza upya ndani ya nguo safi.

Dosari iko kwenye ufunguo. Bafu la wanaume liko wazi muda wote, la wanawake linafungwa na ufunguo unakaa mapokezi, na mapokezi wanafungua saa moja na nusu. Mimi nafika saa moja na dakika kumi. Wameniambia ni kwa usalama wetu. Nakubali usalama ni muhimu, ila komeo la ndani lingetosha. Tuko wanawake wawili tu tunaoendesha jengo zima, na dada mmoja wa ghorofa ya tatu aliniambia wazi kwamba angeanza kesho kama asingelazimika kuomba ufunguo mbele ya watu kila asubuhi. Hili linaniuma.

Makabati ni ya chuma, marefu, yana matundu mlangoni. Matundu hayo ni muhimu kuliko yanavyoonekana: taulo linakauka kufikia jioni, helmeti hainuki. Natundika humo nguo za siku tatu, nazileta Jumatatu kwenye begi na siku nyingine napanda mikono mitupu.

Masika ndiyo yalinionyesha kilichosahauliwa. Hakuna pa kuanika koti la mvua. Koti likifungiwa kabatini limelowa, jioni unalikuta vilevile na nguo zote zimeshika unyevu. Kamba mbili chini ya lile bati zingemaliza tatizo. Lakini masika hayohayo yalinipa sababu ya kushukuru: Jangwani ikijaa maji na barabara kufungwa, naiacha baiskeli palepale hata siku mbili, narudi na daladala inayozunguka, na moyo wangu umetulia.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano ni ya siku komeo litakapowekwa kwenye mlango wa bafu letu. Ombi nimeshaliandika, liko kwa meneja wa jengo tangu wiki iliyopita, na tumelisaini wanawake watatu, pamoja na yule wa ghorofa ya tatu.