TAHADHARI wadada wa Dar: ukiambiwa uvue pete kabla ya kupaka krimu, kimbia

Jamani naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe mpangilio. Kuna mama anauza krimu ya uso na sabuni yake, makopo meupe yenye kifuniko cheusi, anajiita mtaalamu wa ngozi. Anauzia nyumbani kwake Sinza, ana kijana anayesambaza Kariakoo upande wa Mtaa wa Kongo, na bodaboda wake wanafika mpaka Mbagala na Tegeta. Jina siliandiki, ila aliyewahi kununua kwake atamjua kwa maneno yake: "Kipenzi, ngozi haichubuliwi, ngozi inalishwa." Huyo huyo. Msinunue, na kama kopo liko ndani msipake mpaka mmalize kusoma hapa.

Najua kuna watakaouliza, wewe na akili zako zote umeingiaje mkenge? Sikilizeni basi.

Kwenye sendoff ya mdogo wangu nilitupiwa maneno kuhusu madoa ya uso wangu, siyarudii. Haya madoa ya mashavuni yalinitokea nikiwa na mimba ya huyu wa mwisho na yakagoma kuondoka. Mimi si mtu wa mkorogo. Mama yetu alikuwa akiona kopo la mkorogo ndani ya nyumba analitupa chooni na mwenye kopo anakula bakora. Kwa hiyo mtu asije kuniambia nilitaka weupe. Nilitaka uso wangu wa zamani, basi.

Sasa huyu mama ukimwona humdhanii. Kwanza mwenyewe ni maji ya kunde, hajachubuka, vidole havina sugu nyeusi kama tunavyowaona wale wa mkorogo. Kanikaribisha sebuleni, kaniletea maji, kafungua daftari. Akaniuliza ngozi yangu ni ya mafuta au kavu, nalala saa ngapi, nanyonyesha au nimeshaachisha, natumia uzazi wa mpango gani. Anaandika! Hata zahanati sijawahi kuulizwa vile. Akachota krimu kwa kijiti, akanipaka nyuma ya sikio, akasema nenda nyumbani kalale, ikiwasha usirudi kwangu. Nikamtolea hela ya kopo na sabuni, sabuni akakataa kuniuzia. "Ngozi izoee kwanza, dada, usiwe na pupa."

Tapeli gani anakataa hela? Mimi matapeli ninaowajua wana haraka na hela yako, wanakupigia simu mpaka saa nne usiku. Huyu alinirudishia.

Halafu kopo lilikuwa na stika, tena imebandikwa vizuri, ina alama ya vema ya kijani: IMETHIBITISHWA NA TFDA, yaani ile mamlaka ya chakula na dawa. Nikaigusa kwa kidole. Nikaridhika.

Niliporudi kuchukua sabuni ndipo aliponipa masharti. Paka usiku tu. Kopo lisikae juani, litabadilika rangi. Na kabla ya kupaka vua pete, hereni na mkufu, kwa sababu, nanukuu, "dhahabu inanyonya virutubisho." Na mimi na diploma yangu ya maabara ya shule nikaitikia, sawa dada, nitavua. Dhahabu inanyonya virutubisho! Kila nikiikumbuka hiyo sentensi natamani kujificha uvunguni.

Nikamrushia elfu sitini kwa M-Pesa, jina likaja tofauti na lake. Akasema ni ya mdogo wake. Sawa.

Krimu yenyewe ilikuwa na rangi ya uji uliomwagikiwa jivu, inanukia waridi, lakini ukiisogeza puani kabisa kuna harufu nyingine nyuma yake, kama ya sarafu zilizoshikwa na mikono yenye jasho. Na jamani uongo dhambi, ilifanya kazi. Madoa yalififia, uso ukawa laini mpaka kondakta wa daladala ananiita "bebi" na mimi nina watoto watatu. Wifi yangu akaulizia, nikampa namba. Yule mama akaniomba picha, nikampa. Akaiweka kwenye stetasi yake, kabla na baada. Sikilizeni sasa: mpaka leo uso wangu uko pale, unamtangazia biashara. Watu wananunua sumu kwa kuniangalia mimi. Hilo linaniuma kuliko elfu sitini.

Baada ya muda nikitoka juani naungua. Mishipa midogo myekundu ikaanza kuonekana mashavuni, chunusi kidevuni, vinyweleo pembeni ya masikio. Kopo likaisha kabla sijapata hela ya jingine, uso ukawaka moto, ukavimba, ukawasha usiku kucha. Nikampigia. Unajua alichosema? "Hiyo ni sumu ya zamani inatoka, kipenzi, ongeza dozi." Nikatafuta hela ya kopo jingine, nikaongeza.

Kilichonifumbua macho si daktari, ni sonara.

Kuna usiku nilisahau kuvua pete ya ndoa. Asubuhi nikaona upande wa kiganjani umekuwa mweupe, kama fedha. Nikaisugua na dawa ya meno, wapi. Mume wangu akaanza kunitazama vibaya, eti nimeuza pete nikanunua feki. Ikabidi niipeleke Kariakoo kwa mzee mmoja sonara, nikamwambia nisafishie. Akaiweka kwenye lenzi yake, akaigeuza, akaiweka mezani, akafuta vidole na kitambaa. Akaniuliza: "Binti, unafanya kazi machimboni?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Hii imelamba zebaki." Kumbe ujanani alikuwa mgodini Geita. Akanieleza wachimbaji wadogo wanavyofanya: mchanga wenye dhahabu unachanganywa na zebaki, zebaki inaikamata dhahabu, wanakamua kwenye kitambaa, wanachoma, mvuke unaondoka, dhahabu inabaki. Nikamwambia basi nichomee hiyo pete. Akaisukuma upande wangu wa meza. "Mvuke ule nilishauvuta vya kutosha. Wewe niambie unapaka nini mikononi."

Nilitoka pale miguu haina nguvu. Virutubisho vya dhahabu!

Daktari wa ngozi aliniangalia uso kwa muda mfupi tu akauliza jina la krimu, nikamwambia haina jina, akasema lete kopo, lifunge kwenye mfuko wa plastiki. Kwa maelezo yake uso wangu una mambo mawili. Ile laini ya haraka, kisha mishipa, chunusi, vinyweleo na kuwaka moto ukiacha, hiyo ni dawa kali ya jamii ya steroidi. Ni dawa halali, hospitali wanaandikia watu wenye ugonjwa wa ngozi kwa muda mfupi, kwenye tyubu utaona clobetasol au betamethasone. Watu wananunua tyubu wanakamulia kwenye ndoo ya losheni. Ukipaka miezi inalika ngozi, unapata michirizi isiyofutika, na inaweza kuingia mwilini ikapandisha presha na sukari. Na ndiyo maana ukiacha ghafla uso unalipuka, kwa hiyo mliokwisha kupaka muda mrefu nendeni mkaonwe, msikae ndani mkajitibu na aloe vera.

La pili ndilo la pete. Zebaki inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana doa linafifia. Lakini haibaki usoni. Inapita kwenye ngozi, inatua kwenye figo, inagusa mishipa ya fahamu: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kusahau, hasira zisizo na kichwa wala miguu. Nilivyokuwa nafokea watoto miezi ile nilidhani ni joto la Dar. Mkojo wangu umekutwa na protini. Na mvuke unatoka kwenye ngozi yako, taulo lako, foronya yako. Mwanangu wa mwisho analala kifuani kwangu. Daktari alipouliza nani analala na wewe nilishindwa kujibu. Kachukuliwa vipimo na yeye, majibu bado.

Halafu mtu anaitwa kipenzi.

Nimekesha nasoma haya mambo. Zebaki kwenye krimu na sabuni za kung'arisha si kitu ambacho mtu anaweza kusema hakujua. Kuna mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki, mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, umepewa jina la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, watoto wakazaliwa wamelemaa. Tanzania imo. Krimu ikizidi miligramu moja ya zebaki kwa kilo moja, kuitengeneza na kuiingiza nchini ni marufuku tangu 2020, na 2025 ndio ulikuwa mwisho hata wa hicho kidogo. Haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kung'arisha ngozi, nayo hapa kwetu imekatazwa kwenye vipodozi, hiyo ndiyo inayowaacha watu na weusi wa kibuluu kwenye mashavu baada ya miaka. Sasa mama wa Sinza alitoa wapi zebaki? Nani anamletea? Afungwe yeye na anayemletea na yule mdogo wake wa M-Pesa. Akalale Segerea, na kabla ya kwenda apakwe kopo lake mwenyewe uso mzima mbele yetu. Maana sasa naelewa kwa nini mwenyewe hajachubuka. Hapaki! Anajua!

Nilimpigia nikamwambia nimejua. Kwanza akasema ni wivu wa biashara. Kisha akasema pete yangu ni feki ndiyo maana. Kisha akani-block. Stetasi bado wifi ananionyesha kwa simu yake, niko pale natabasamu.

Dalili za kopo la kukimbia, naandika kama zinavyonijia. Ile stika: TFDA haipo tangu 2019, iligeuzwa kuwa TMDA ya dawa na vifaa tiba, na mambo ya vipodozi yakahamia TBS, shirika la viwango. Kwa hiyo kopo jipya la leo lenye TFDA, mtu kaiprinti stika mwenyewe steshenari, na mimi nikaigusa kwa kidole nikaridhika. Kopo halina orodha ya viungo, halina mtengenezaji, halina tarehe ya kuisha. Masharti ya kuvua dhahabu na fedha, au yameandikwa kwenye boksi usiguse vito. Krimu ya kijivujivu ambayo inabadilika ikipigwa na mwanga. Kama viungo vimeandikwa, tazameni mercury, mercuric, mercurio, calomel, hata herufi Hg. Kuna sabuni zimeandikwa tu ni za kuua vijidudu, nazo si za kuamini. Na mtu akikwambia uso ukiwaka ongeza dozi, huyo anakuua. Mengine nimesahau, kichwa hakijatulia.

Makopo msiyatupe jalalani wala msiyaoshee kwenye sinki, watoto wanaokota na maji yanakwenda tunakokujua. Funikeni vizuri, fungeni kwenye mifuko miwili, wekeni nje mbali na jiko. Taulo na foronya za zamani vilevile. Wenye mimba na wanaonyonyesha msisubiri mtu, nendeni hospitali na kopo mkononi.

Mimi Jumatatu asubuhi nakwenda TBS pale Ubungo na kopo langu, pete, na meseji ya M-Pesa yenye jina la huyo mdogo wake. Aliyenunua kwake na bado ana meseji asizifute, anitafute faragha twende wengi, nikienda peke yangu ataniita mwenye wivu tena. Wifi, na wewe unakuja, usijifiche.