Kukodi kinga (baiskeli) Gisenyi mpaka Kinunu: naipa nyota 3

Mimi ni wa Goma, na wenye wanapendaga kutembea milimani wanajua hali yetu, volkano yetu Nyiragongo na mita zake 3,470 tunaiangalia tu toka kwenye baraza, na hata wakati ilikuwa wazi kibali kilikuwa dola 300, mtu wa mshahara wa huku atazitoa wapi. Basi ukitaka kupumua unavuka mpaka unaingia Gisenyi, Rwanda, unakodi kinga, unafuata ile njia ya Congo Nile Trail kandokando ya Ziwa Kivu, kilometa 227 mpaka Rusizi ng'ambo ya Bukavu. Mimi naishiaga Kinunu kwenye kahawa.

Kinga yenyewe ilikuwa ya milima, vitesi (gia) zinaingia bila shida, wakanipa na kofia na pompi. Lakini freni ya nyuma jamani! Mpira umeisha kabisa, chuma kinalia kwenye janti, na ukishapita pale wanapotengeneza bia na maji ya moto ya Nyamyumba ni udongo, unapanda unashuka unapanda, mteremko mmoja nikashuka nikaisukuma tu. Nikapigia simu kijana wa pale nilipoikodi, eti pole kaka, zile nzuri group ya wazungu ilizichukua toka jana. Na bei si tulilipa sawasawa? Kwa pesa ile ya siku moja ningelipa moto (pikipiki) wiki nzima hapa mjini Goma.

Zamani ulikuwa unaazima kinga kwa mtu tu, unampa kitu kidogo, na njiani ni wewe na mbuzi. Sasa naona group kwa group, na toka Kigali ilipopokea mashindano ya dunia ya kinga Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, ndio kabisa. Watoto wanatoka mbio mashambani wanalia "muzungu, agachupa!", wanataka chupa tupu, na huyo muzungu ni mimi mwenye nimekulia Birere, mtaa wa Goma 😂 kofia ndio iliwadanganya. Kuna mmoja hakutaka chupa, alitaka pesa na alishika kabisa mpini wa kinga, hiyo haikunifurahisha.

Lami nayo. Toka Karongi kuendelea kusini imekula sehemu kubwa ya njia, mwenye alikuja kutafuta ukimya anapata magari makubwa. Lakini mimi siwezi kuilalamikia mbele ya mama mwenye kubeba ndizi kichwani toka asubuhi, yeye hakuja pale kupumzika.

Kinunu bado pazuri, hapo sina neno. Jioni wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wanatoka na ile mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja, wanaimba mpaka wanapotea. Chakula sasa: mama mmoja alinitajia bei nikashtuka, nikamsalimia Kinyarwanda vizuri, akacheka, bei ikashuka nusu palepale. Mzungu wa meza ya pili alilipa ile ya kwanza bila kuuliza na alikuwa na furaha zake.

Nitarudia, ila katikati ya wiki, wikendi hapana. Na wewe ukienda, zungusha gurudumu na ubane freni zote mbili mbele yao kabla hujatoa pesa, wakisema "iko sawa tu" omba ingine.