GTX 1650, RX 580, RTX 3060 au 4060: uchukue kadi gani ukiwa Mbeya

Wakuu habari za kazi. Madogo wengi wa pale MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya) na wa Mwanjelwa wakitaka kununua kadi ya grafiksi swali la kwanza ni lilelile, "bro hii ina GB ngapi", na muuzaji akishajua hujui kingine zaidi ya GB basi ndo umeliwa. GB ni ukubwa wa memori ya kadi, yaani simtanki tu jamani, kuna na bomba, na bomba lenyewe ni ile njia ya kupitisha data ya memori (bus) inayopimwa kwa biti, simtanki likiwa kubwa na bomba jembamba utasubiri sana.

Mfano mzuri ni RTX 3060. Iliyotoka mwanzoni mwa 2021 ina GB 12, biti 192, inasukuma GB 360 kwa sekunde. Halafu mwishoni mwa 2022 Nvidia, watengenezaji wake, wakaleta nyingine jina lilelile RTX 3060, koa (vitengo vidogo vya kuchakata ndani ya chipu) zilezile 3584, ila GB 8, biti 128, inasukuma GB 240 tu. Boksi linafanana! Mtu anakuuzia hiyo anakwambia "ni 3060 tu kaka, imepungua GB 4", wakati ukweli theluthi nzima ya bomba imeondoka na kwenye gemu nzito utaiona hiyo tofauti. Ukisikia 3060 bei imeshuka ghafla uliza biti kwanza.

Sasa 4060 ya 2023 ndo inawachanganya watu kabisa, maana ukisoma karatasi utaona imerudi nyuma, koa 3072, GB 8, biti 128, GB 272 kwa sekunde. Lakini kwenye gemu za 1080p (skrini ya kawaida ya Full HD) inaipita 3060 ya GB 12 kwa kama asilimia 15 mpaka 20, kwa sababu chipu yake inakimbia zaidi na wameiwekea kashe, yaani memori ndogo ya haraka, ya MB 24 ndani kwa ndani wakati mwenzie ana MB 3, kwa hiyo haiendi kugonga hodi kwenye memori kila saa. Pia ina DLSS 3, teknolojia ya Nvidia ya kuongeza kasi ya gemu, inayozalisha fremu (picha za ziada katikati), 3060 haina hiyo. Ila angalia mashine yako, 4060 inatumia njia 8 tu za PCIe (ile sloti ya kuchomekea kadi kwenye ubao), ukiichomeka kwenye ubao wa zamani wenye PCIe 3.0 unapoteza kidogo.

Mimi kazi yangu kubwa ni vidio za harusi na sendofu, na kwa kazi hiyo nasema bila kuzunguka, 3060 ya GB 12. Ukiwa na DaVinci Resolve, programu ya kuhariri vidio, klipu ya 4K iliyopigwa usiku ukumbini, ukaweka kuondoa chengachenga na rangi juu yake, GB 8 zinajaa, programu inakwambia memori ya kadi imeisha na kurenda (kutoa vidio iliyokamilika) kunagoma katikati huku mwenye harusi anapiga simu. GB 12 zinakupa nafasi ya kupumua. Kama wewe ni wa gemu tu, chukua 4060 na usigeuke nyuma.

Tuje kwenye umeme maana huku ndo tunaumia. 4060 inakula wati 115, 3060 wati 170, RX 580, kadi ya zamani ya AMD, wati 185. Piga hesabu, kati ya 580 na 4060 kuna wati 70, ukicheza masaa sita kila siku kwa mwezi ni uniti 12 na kitu za luku. Halafu TANESCO wakikata, UPS (boksi la betri la akiba) ndogo ya VA 650 kwa kawaida inabeba wati 360 hivi, kompyuta nzima na skrini ikiwa chini ya hapo unapata dakika chache za kusevu kazi yako, ikizidi inapiga kelele na kuzima hapohapo.

Wenye desktopu za ofisini za mtumba, zile Dell OptiPlex zilizojaa mjini, fungua mfuniko usome stika ya pawa saplai. Utakuta wati 240 au 275, na hakuna waya wa kadi kabisa. Hapo kadi yako ni GTX 1650, inakula wati 75 ambazo zinaweza kutoka kwenye sloti yenyewe, ila hakikisha ni ile isiyo na tundu la waya wa pawa, na zipo fupi za kuingia kwenye kesi nyembamba. GB 4 tu ndiyo, na haina DLSS, lakini FIFA, GTA V na Valorant zinaenda vizuri. Kama unaweza kuchagua tafuta yenye memori ya aina ya GDDR6, inasukuma GB 192 kwa sekunde, ya GDDR5 ni 128.

RX 580 ya GB 8 inaishinda 1650 kama robo hivi na bei mtumba ni rafiki, ndo maana madogo wanaikimbilia. Tatizo wanailazimisha kwenye hizo OptiPlex kwa adapta ya kutoka waya wa SATA, ule wa kulisha umeme diski. Waya wa SATA haukutengenezwa kubeba mzigo wa namna hiyo. Niliwahi kuletewa moja kutoka Uyole, plagi imeyeyuka imegandana na adapta, pini zimekuwa nyeusi na harufu ya plastiki inatoka hata mashine imezimwa. Kama huna pawa saplai ya uhakika yenye pini 8 zake achana na 580 kabisa. Nyingi pia zimepita kwenye kuchimba kripto (kuzalisha sarafu za kidijitali kwa kompyuta) mpaka sarafu ya Ethereum ilipoachana na hayo mambo Septemba 2022, na zipo zenye koa 2048 badala ya 2304 na zote zinauzwa kama 580 tu.

Kwa hiyo usitoe hela kabla hujaona programu ya GPU-Z inafunguliwa mbele yako. Ni ya bure, inaonyesha koa, biti na aina ya memori, na zile kadi feki za 1050 Ti zenye chipu ya miaka ya 2010 ndani inaziandika FAKE kabisa. Kisha washa FurMark, programu ya kuisukuma kadi mpaka mwisho, robo saa uangalie joto na feni. Baridi yetu ya Juni na Julai inaficha kadi mbovu, joto litaonekana zuri tu, kwa hiyo sikiliza na mlio wa feni na angalia kama picha inatoa vidoti. Zinazotoka Tukuyu chungulia na skrubu na mapezi ya bati, unyevu wa kule unaleta kutu.

Na kama mashine inakuja na basi kutoka Kariakoo mwambie muuzaji aichomoe kadi aifunge peke yake kwenye boksi lake, 3060 ya feni mbili ikining'inia kwenye sloti mpaka kupanda mlima Kitonga na matuta yote yale inafika imelegea au imepasua sloti.