Seti ya kitanda cha mtoto niliyonunua Mwanjelwa: nilichobakiza na nilichokitoa

Seti hii niliinunua Mwanjelwa mwezi wa pili mwaka jana, mimba ikiwa na miezi minane. Duka silitaji, maana seti za aina hii zimejaa maduka mengi ya vifaa vya watoto hapa Mbeya, na muuzaji wangu hakunidanganya kitu, aliuza alicholetewa. Alianzia shilingi 110,000, tukapatana 95,000. Ndani ya mfuko wa nailoni wenye zipu kulikuwa na vitu saba: godoro dogo, shuka lenye raba pembeni, bampa (zile mito nyembamba za kufunga kwa kamba kuzunguka kitanda), mto mdogo wenye tundu katikati, duveti, neti ya mwavuli na mdoli wa dubu. Rangi ya maziwa, lesi kila pindo. Nilivipanga kitandani siku hiyo hiyo, nikakaa kwenye stuli kuviangalia mpaka giza likaingia.

Niseme mapema: kati ya vitu hivyo saba, vitatu ndivyo vilivyobaki. Vinne vilitoka kitandani mtoto akiwa na miezi minne. Naeleza kwa urefu kwa sababu najua kuna mama muda huu ameishika seti kama hii dukani, anahesabu hela.

Nianze na kitanda chenyewe, ingawa hakikuwa ndani ya seti. Alikitengeneza fundi seremala kwa mbao za paina kutoka Mafinga, kazi safi, msasa umepita vizuri. Kosa lilikuwa kwenye fito za pembeni: aliziachanisha sana. Mwanya kati ya fito na fito haupaswi kuzidi sentimita 6, kwa sababu kiwiliwili cha mtoto kinaweza kupenya halafu kichwa kikakwama. Kipimo rahisi ni kopo la soda. Likipita kati ya fito, mwanya ni mkubwa mno. Kwangu lilipita bila kugusa. Nilimrudia fundi na kopo langu mkononi, akalijaribisha mwenyewe mara mbili, akanyamaza, kisha akaongeza fito nne kila upande bila kudai hata senti. Tangu siku ile namheshimu sana.

Sasa usiku ulionifanya niandike haya.

Ilikuwa Julai. Anayeijua Mbeya anaijua Julai yake. Kule Kitulo barafu nyembamba inashika kwenye majani, na huku mjini usiku nyuzi zinashuka chini ya 10. Binti yetu alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kujigeuza. Nilimlaza chali kama nilivyoambiwa kliniki, nikamfunika duveti, bampa zimefungwa pande zote nne ili upepo usimpate. Roho yangu ilikuwa imetulia kabisa.

Saa kumi na moja alfajiri niliamka mwenyewe, matiti yamejaa, nikashangaa kwamba hajalia. Niliwasha tochi ya simu. Alikuwa amejigeuza ubavu, kamba moja ya bampa imefunguka, ile bampa imelegea na kumwangukia, na uso wake wote umezama ndani yake. Duveti ilikuwa imepanda mpaka masikioni. Nilimnyanyua kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa. Alishtuka, akavuta pumzi ndefu, ndipo akalia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Nilipoimulika tena bampa kwa tochi, pale pua ilipokuwa palikuwa na unyevu, duara dogo kama sarafu ya shilingi mia mbili. Niligusa kwa kidole, palikuwa bado pana joto la pumzi yake. Nilikaa chini sakafuni, mtoto kifuani, na mikono ikawa inatetemeka mpaka mume wangu akaamka.

Asubuhi nilimpigia wifi yangu, ambaye ni nesi Iringa. Hakunigombeza. Alinieleza taratibu kwamba mtoto mdogo akizibwa uso na kitu laini huanza kuvuta tena ile hewa aliyoitoa mwenyewe. Oksijeni inapungua kidogo kidogo, na shingo yake bado haina nguvu ya kujinasua. Wengine hata hawalii. Akaniambia toa kila kitu laini: bampa, mto, duveti, mdoli. Libaki godoro gumu lililo bapa, shuka lililobana, na mtoto aliyelala chali. Basi.

Baadaye nilisoma mwenyewe, nikaumia zaidi. Marekani walipitisha sheria mwaka 2022 ya kupiga marufuku kutengeneza na kuuza bampa za aina hii, kwa sababu watoto walikuwa wanafia humo. Tena mwaka huohuo mamlaka yao ya chakula na dawa iliwaonya wazazi wasitumie mito ya kutengeneza kichwa cha mtoto, ule mto wenye tundu katikati ambao mimi niliambiwa dukani kwamba bila huo kichwa kitakuwa bapa. Kichwa kinapata umbo lake kwa kumgeuzia mtoto upande anaotazama, na kwa kumlaza kifudifudi mchana akiwa macho na wewe umemkalia karibu. Hilo ni bure. Nasema ukweli, inaniuma kwamba bampa ambazo mama mwenzangu wa kule hawezi tena kuuziwa, mimi nafungiwa kwa lesi na kupongezwa kwa kujua kuchagua.

Kuhusu kulala chali, najua wengi wanaogopa mtoto akicheua atapaliwa. Mama mkwe wangu alikuwa na hofu hiyo hiyo, na nilimwelewa, maana zamani hata hospitalini walifundisha kulaza kifudifudi au ubavu. Wifi alimweleza mama yake kwa simu, sauti imefunguliwa sote tusikie. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yakipanda yanarudi kirahisi kule yalikotoka. Akilala kifudifudi, njia ya hewa ndiyo inakuwa chini, na maziwa yanaelekea huko. Marekani walianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na ndani ya miaka kumi vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa takribani nusu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndaga (yaani asante), mwanangu. Sasa na baridi hii je?"

Swali la haki kabisa. Ushauri wa kitanda kitupu ni rahisi kwa mtu wa Dar es Salaam. Kwetu huku upendo wote wa bibi unapitia kwenye blanketi. Mama ametoka Tukuyu, amelea watoto saba, na kwake kumfunika mtoto gubigubi ndiyo kumpenda. Alipoona kitanda kimebaki na shuka tu, aliniuliza kwa upole, "Mama, mbona kitanda kimekuwa kama cha mgonjwa?" Jioni ile nikamkuta anachochea jiko la mkaa alilete chumbani.

Hapo nilisimama mlangoni, kwa heshima lakini nilisimama. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na inaua watu wazima wakiwa wamelala, sembuse kichanga. Nilimwambia, "Mama, jiko tuote uani, tena mtoto asiwe karibu. Chumbani hapana." Alinitazama, kisha akaligeuza jiko akarudi nalo uani. Namshukuru sana kwa hilo, maana angeweza kabisa kunikasirikia.

Jibu la baridi tulilipata Soko la SIDO, kwenye mitumba. Nilikuwa nachambua nguo za watoto nikakuta kitu kama gauni lisilo na mikono, chini limeshonwa likawa mfuko, zipu mbele. Muuzaji mwenyewe hakujua ni la nini, akaniuzia 3,000. Ni mfuko wa kulalia. Mtoto anavalishwa kama nguo, miguu inacheza ndani, mikono iko nje, na hauwezi kupanda ukamfunika uso. Lebo yake iliandikwa 2.5 tog, hicho ni kipimo cha namna kitambaa kinavyotunza joto, na huo wa 2.5 unafaa chumba chenye nyuzi kama 16 hadi 20. Ndani yake namvalisha fulana ya pamba na nguo ya kulalia yenye mikono mirefu na soksi zake. Usiku wa baridi kali naongeza nguo moja ndani, blanketi siongezi.

Mmoja hautoshi, mtoto anakojoa. Nikaupeleka kwa fundi cherehani pale mtaa wa Soweto, hapa hapa Mbeya, aukopi. Alishona miwili kwa kitambaa kizito cha pamba, 8,000 kila mmoja pamoja na zipu. Wa kwanza alikosea shingo, akaiacha pana, nikamrudishia. Tundu la shingo lazima liwe dogo kuliko kichwa cha mtoto, la sivyo anateleza na kuzama ndani, na hapo utakuwa umerudi kule kule ulikotoka. Mikononi pia pasiwe pana. Na mfuko usishonewe kofia.

Kofia pia tulibishana. Huku mtoto bila kofia ya sufu watu wanakusema barabarani. Akiwa nje au mgongoni namvalisha. Akilala ndani namvua, kwa sababu mtoto hutoa joto la ziada kupitia kichwa, na joto likizidi usingizini nalo ni hatari. Mama alikuwa anashika viganja vyake na kusema amepoa. Viganja vya mtoto mchanga hupoa hata akiwa sawa kabisa. Shika kisogo, pale shingoni, au kifua. Pakiwa na jasho, amezidishiwa nguo. Siku hizi mama ndiye anayepima, anaingiza vidole viwili shingoni, ananitazama, anatikisa kichwa kwamba yuko sawa. (Aliyejifungua njiti afuate alichoambiwa hospitali, wale wana utaratibu wao.)

Sasa vile vitatu vilivyobaki.

Godoro ni zuri, nalipa sifa yake. Ni gumu. Ukilibonyeza kwa kiganja linarudi hapo hapo, halibaki na shimo. Tatizo lilikuwa urefu: lilipungua kwa kitanda changu, upande wa miguuni pakabaki nafasi ya vidole vinne. Vikiingia zaidi ya vidole viwili kati ya godoro na ubao, mtoto anaweza kuteleza akabanwa. Tusijaze pengo kwa khanga au mto, kama nilivyotaka kufanya. Fundi aliongeza ubao ndani akalifunga kabisa. Jambo jingine, godoro lilikuja na nailoni yake, na muuzaji alinishauri niiache mkojo usiingie. Itoeni. Nailoni ikilegea na kugusa uso inaganda puani. Mimi nimetandika makintoshi chini ya shuka, imebanwa pembe zote.

Shuka lenye raba limefuliwa mara nyingi na bado linabana. Ningependa waweke mawili, maana siku za mvua nguo hazikauki.

Neti ya mwavuli naitumia kwa kumlaza mchana mkekani, mimi nikiwa karibu. Ni nyepesi na hewa inapita, ila waya zake zimeanza kuchomoza upande mmoja na nimezifunga na plasta. Kitandani usiku tunatumia chandarua chenye dawa tulichopewa kliniki. Kimening'inizwa juu darini na kuchomekwa vizuri chini ya godoro, kisimwangukie mtoto wala asifikie kukivuta.

Kitanda kipo chumbani kwetu, mkono wangu unafika kwenye fito. Wifi alisisitiza alale chumba kimoja na sisi angalau miezi sita ya kwanza, lakini kwenye kitanda chake. Namnyonyesha nimekaa, namrudisha. Kuna usiku nimechoka hadi macho yanajifunga yenyewe, na usiku huo namwambia baba yake akae macho mpaka nimalize.

Kama ningeulizwa kununua tena, ningechukua godoro na shuka peke yake kwa fundi wa magodoro, lililokatwa kwa kipimo cha kitanda, na hela iliyobaki ningeshonesha mifuko minne. Bampa nilizifumua, zimekuwa mito ya stuli za sebuleni. Dubu yuko rafuni. Binti yetu sasa ana miezi kumi na moja, anasimama akishikilia fito, kwa hiyo fundi ameshusha godoro hadi tundu la chini kabisa, ubao wa juu unamfika kifuani.

Fundi wa Soweto bado ana kipimo cha mfuko ule kwenye daftari lake. Ukimwambia unataka mfuko wa kulalia wa mtoto, kitu cha kwanza atakuuliza ni kichwa chake kina sentimita ngapi.