Casio fx-991EX kwa namba kubwa: usidanganywe na mabano

Kwa mwanafunzi wa hisabati pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), au mwalimu anayesahihisha vigawo tasa, kikokotoo hiki (cha mkononi, si ile kanuni ya pensheni iliyozua mjadala bungeni) kina kitu kimoja cha kukinunulia: kazi iitwayo FACT, inayovunja namba kuwa vigawo vyake tasa. Imeandikwa juu ya kitufe cha nyuzi, dakika na sekunde.

Ukiwa soko la Majengo au duka lolote la vifaa vya shule, kijaribu kabla hujatoa hela. Andika 1234567890, bonyeza =, kisha SHIFT na kitufe hicho. Kioo kinatakiwa kuonyesha 2×3²×5×(13717421). Kikileta kingine, kirudishe kwenye boksi lake.

Hayo mabano ndiyo yanayowaponza wengi. Wakiyaona, wanaandika kwenye daftari kwamba 13717421 ni namba tasa. Si kweli. Mashine inagawa kwa namba tasa zisizozidi tarakimu tatu, mwisho 997. Kilichobaki kikiwa chini ya 1018081, yaani 1009×1009, hakina budi kuwa tasa, kwa hiyo kinaandikwa wazi. Kuanzia hapo kwenda juu mashine inanawa mikono na kukifungia kwenye mabano, kiwe tasa au kisiwe. Jaribu 4294967297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ukijumlisha 1: utapata 641×(6700417). Safari hii kilichomo kwenye mabano ni tasa kweli; mgawanyo huo mwanahisabati Euler aliupata mwaka 1732, bila betri. Kwa upande mwingine, 9999999999 inatoka yote, 3²×11×41×271×9091, ingawa ndiyo kubwa kuliko zote ambazo FACT inazipokea.

Sasa 13717421 utaimalizaje? Kipeuo chake cha pili ni kama 3703.7. Kujaribu kila namba tasa kuanzia 1009 hadi hapo ni kugawa zaidi ya mara mia tatu, mtihani utaisha. Tumia njia ya mwanahisabati Fermat: tafuta mraba ambao ukitoa namba yako, kinachobaki nacho ni mraba. Chukua 3704, zidisha kwa yenyewe, toa 13717421: inabaki 2195, ambayo si mraba kamili. Panda hadi 3705: inabaki 9604, na hiyo ni 98×98. Basi vigawo ni 3705−98 na 3705+98, yaani 3607 na 3803, vyote tasa. Hesabu hiyo unaweza kuiachia sehemu ya Table, inayotengeneza jedwali: ingiza √(x²−13717421), anzia 3704, hatua 1, kisha tafuta mstari wenye namba isiyo na desimali. Ila njia hii ni ya vigawo vilivyokaribiana. Kwa 641 na 6700417 utapandisha x mpaka kuche.

Chaji si tatizo: betri ni LR44 ikisaidiwa na sola, na jua la Dodoma mnalijua.

Kikwazo kikubwa ni tarakimu 10. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ina 20. Ukiiingiza, inageuka kuwa desimali yenye ×10¹⁹ na tarakimu za mwisho zinapotea. Hata swali la kama ni shufwa au witiri mashine haiwezi kukujibu, wakati jicho lako linaliona kwenye tarakimu ya mwisho ya kadi.