Supamaketi ya zamani Kigoma mjini: naomba wasihamishe sukari

Humu nimeanza kutumwa nikiwa shule ya msingi, na sasa nampeleka mama kila pensheni ikiingia. Iko mjini, kwenye mteremko wa Barabara ya Lumumba kuelekea stesheni. Unaacha mkoba kwa mlinzi, unapewa kibati chenye namba, unachukua kikapu. Toroli hakuna, zisingepita.

Njia ni tatu tu, nyembamba, na shelfu za chuma zinakaribia dari. Ya kwanza sabuni, viberiti na mafagio. Unakunja kona, unga, mchele na sukari. Unakunja tena, majani ya chai, maziwa ya kopo, biskuti, halafu keshia. Kukatisha katikati huwezi. Mpangilio huu ni wa kale: Clarence Saunders alipofungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, Marekani, mwaka 1916, wateja walianza kujichukulia vitu wenyewe, wakizungushwa na njia moja mbele ya bidhaa zote mpaka kwa mpokea fedha. Yeye alitaka uone kila kitu ili ununue zaidi. Sisi tumepata faida nyingine kabisa.

Mama ana mtoto wa jicho. Maandishi ya pakiti hayasomi tena. Lakini akishaingia humu ananiambia nimwachie mkono. Sakafu ni ya terazo, na mbele ya sukari imelika kwa miaka ya watu kusimama palepale, pamefanya kibonde. Mama akikikanyaga kwa kandambili anajua: sukari kulia, usawa wa kiuno. Hatua nne mbele, chumvi. Anachukua mwenyewe, anafika kaunta, keshia anamwamkia "Mwakeye mama", na mama anaitika amechangamka kweli. Tulijaribu duka jipya fulani, zuri, taa nyeupe, lakini kila tukienda wamehamisha vitu. Tuliulizia chumvi mara tatu. Alitoka amenyamaza kimya, na hajataka kurudi.

Kasoro zipo. Dirisha la kioo linatazama ziwani, kwa hiyo jua lote la alasiri linaangukia biskuti. Mwezi uliopita nilifungua pakiti nyumbani nikakuta krimu imeyeyuka na kuganda upande mmoja. Walinibadilishia bila maneno, nawashukuru. Pia sabuni ya unga imepeana mgongo na unga wa ngano, na shelfu zenyewe zina matundu nyuma. Chapati zetu za sikukuu zilinuka sabuni, tukamwaga donge zima. Dawa yake ni pazia dirishani na ubao katikati ya hizo shelfu. Kuhamisha vitu si lazima.

Linaloniuma zaidi ni maboksi ya ofa waliyoanza kuyapanga chini, njia ya pili, karibu kabisa na kile kibonde. Mama alijikwaa, akashika shelfu, chupa mbili za siki zikaanguka. Yeye ndiye aliyeomba radhi, na mimi nilisikia vibaya sana, maana kosa halikuwa lake. Nimezungumza na msimamizi kwa heshima, akaniahidi kuyaondoa. Jumamosi nilipopita, yalikuwa yamesogezwa kidogo tu. Tunarudi mwisho wa mwezi, na ninaomba nikute njia nyeupe.